KWA KAYAKI KATIKA MTO DANUBE

Watu wengi wa kwetu wakisikia habari za mito ya Ulaya hudhani kuwa ni mito mipole. Hamna mamba, hamna viboko, na kandokando yake kuna barabara za lami na miji yenye taa. Basi huona ya kwamba kusafiri katika mto wa namna hiyo kwa chombo kidogo ni mchezo wa watoto. Dhana hiyo si ya kweli. Mto usio na mamba bado ni mto, na huko Ulaya hatari zake nyingi zimetengenezwa na mikono ya watu: mabwawa, nguzo za madaraja, na meli kubwa. Katika makala hii nataka kuwaeleza wanafunzi wa shule yetu, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka, jinsi watu wanavyosafiri kwa kayaki na kulala katika mahema kandokando ya mto Danube, na kwa nini kundi la marafiki likifuata desturi chache hufika salama.

Safari yetu tuliifanya mwezi wa Julai, mwaka 2023, kutoka mji wa Passau katika Ujerumani mpaka Vienna, mji mkuu wa Austria. Tulikuwa watu watano: Waustria wawili waliokulia karibu na mto, Mkongomani mmoja, Mganda mwenzangu, na mimi. Sisi watatu tulisemezana kwa Kiswahili, na wale Waustria nao wakajifunza maneno mawili matatu, hasa "pole pole" na "simama". Maneno hayo mawili yalitufaa kuliko yote.

Mto wenyewe

Danube huanza katika Msitu Mweusi, kusini-magharibi ya Ujerumani, nao humwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 2,850. Katika Ulaya ni mto wa pili kwa urefu. Wa kwanza ni Volga wa Urusi. Hupita katika nchi 10 au kuwa mpaka wao, na kila taifa huuita kwa jina lake: Wajerumani na Waustria husema Donau, Wahungaria husema Duna, na Waserbia husema Dunav.

Jambo moja humshangaza mgeni. Kandokando ya mto kuna vibao vya kilomita, lakini hesabu yake haianzi kwenye chemchemi, bali huanzia Sulina, mji wa Romania ulioko pwani ya Bahari Nyeusi. Kwa hiyo anayeshuka mto huona hesabu ikipungua. Passau ni karibu na kilomita 2,226, na Vienna ni karibu na kilomita 1,929. Ukitoa, utaona kwamba safari yetu ilikuwa ya kilomita 300 hivi. Tuliigawa kwa siku 10, yaani kilomita 30 kwa siku, tukazidisha siku mbili za akiba kwa ajili ya mvua na uchovu.

Pale Passau mito mitatu hukutana. Ilz huleta maji meusi kutoka katika ardhi ya majani yaliyooza, Danube huja katikati, na Inn huleta maji ya rangi ya kijani-kijivu kutoka milima ya Alps. Kwa mwendo mrefu rangi hizo hukaa mbalimbali kabla ya kuchanganyika. Inn hubeba maji ya theluji iliyoyeyuka, kwa hiyo maji ya mto huwa baridi hata wakati wa jua kali. Tena mji huo wajua sana mafuriko. Mwezi wa Juni, mwaka 2013, maji yalipanda mpaka mita 12.89 katika kipimo cha mto, na hayakuwahi kufika juu hivyo tangu mwaka 1501. Katika ukuta wa jumba la mji zimechorwa alama za mafuriko ya zamani, na mwenzetu mmoja wa Austria alitupeleka kuzitazama kabla hatujatia chombo majini. Alisema kuwa yafaa mtu aujue mto ulipokasirika kabla ya kuuona umetulia.

Chombo na mizigo

Kayaki si uvumbuzi wa Wazungu. Watu wa kwanza kuiunda ni Wainuit, wenyeji wa Greenland na nchi za barafu za kaskazini ya Amerika. Walifanya kiunzi cha mbao zilizotupwa pwani na bahari, au mifupa, wakakivika ngozi ya sili na kuishona barabara, ikabaki tundu moja tu la mtu kukaa. Kwa chombo hicho waliwinda wanyama wa baharini. Tofauti yake na mtumbwi wetu ni kwamba kayaki imefunikwa juu, na kafi lake lina mabapa mawili, moja kila upande, hata mpigaji hupiga kulia na kushoto kwa zamu bila kulihamisha.

Katika Ujerumani, mwaka 1905, mwanafunzi wa ujenzi wa majumba aliyeitwa Alfred Heurich alibuni kayaki ya kukunja, yenye kiunzi cha mbao na ngozi ya turubai. Mwaka 1907 mshona nguo wa mji wa Rosenheim, Johann Klepper, alinunua haki ya kuitengeneza. Uvumbuzi huo uliwafungulia mito watu wasio na mali, kwa maana mtu aliweza kukunja chombo chake katika mifuko, akapanda nacho garimoshi, akaenda mtoni. Mjerumani mmoja, Oskar Speck, aliondoka Ulm kwa kayaki ya kukunja mwaka 1932, akashuka Danube, akaendelea kwa bahari akifuata pwani, na baada ya zaidi ya miaka saba akafika Australia mwezi wa Septemba, mwaka 1939. Vita ilikuwa imekwisha kuanza, naye kwa kuwa ni Mjerumani akatiwa kizuizini.

Sisi tulikodi kayaki tatu: mbili za watu wawili wawili, na moja ya mtu mmoja. Mizigo yote hutiwa katika mifuko isiyopenya maji. Vitu vizito, kama maji ya kunywa, mchele na makopo ya maharagwe, hukaa chini na katikati ya chombo. Vyepesi, kama mifuko ya kulalia na nguo, huingia mbele na nyuma. Ukipakia vizito upande mmoja, chombo hulala. Ukivipakia mwisho mmoja, hakigeuki upesi. Nguo kavu za kubadili na kiberiti hufungwa katika mfuko wa peke yake, usifunguliwe ila kambini au penye shida.

Mabwawa na milango ya maji

Kati ya Passau na Vienna, kwa kuhesabu na ule ulio mjini Vienna kwenyewe, kuna vituo 10 vya umeme vilivyojengwa kukatisha mto. Cha kwanza kwa anayeshuka ni Jochenstein, kilichoanza kazi katika miaka ya 1950, na cha mwisho ni Freudenau, kilichokamilika mwaka 1998. Kila kituo huzuia maji, na nyuma yake mto huwa kama ziwa. Hapo mkondo hausaidii tena, na upepo wa mbele ukivuma, mtu akipumzisha mikono chombo hurudi nyuma. Ndiyo maana kilomita 30 za mto huo si sawa kila siku. Siku moja ni saa nne, siku nyingine ni saa nane.

Meli hupita vituo hivyo kwa vyumba vikubwa vya saruji vyenye milango mbele na nyuma, upana wa mita 24 na urefu wa mita 230. Chombo huingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji hutolewa kidogo kidogo, chombo hushuka pamoja nayo, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Pale Jochenstein tulishuka kiasi cha mita 10 kati ya kuta zenye maji yanayochuruzika, tukajiona kama siafu ndani ya kisima. Sheria kubwa humo ni hii: shika kamba au ngazi kwa mkono, usiifunge. Maji yakishuka, chombo kilichofungwa huning'inia ukutani na watu humwagika. Tena hakuna anayeingia kabla ya taa ya kijani kuwaka. Ambapo hatukuruhusiwa kupita pamoja na meli, tulitoka nchi kavu mapema tukaburuta kayaki kwa kigari mpaka chini ya bwawa. Kukaribia ukuta wa bwawa ni kujitafutia mauti, maana maji huvuta kimya kimya, bila povu wala kelele.

Kuyasoma maji

Anayesafiri mtoni hana budi kusoma maji kama asomavyo kitabu. Penye kona, maji huenda mbio upande wa nje na kupoa upande wa ndani. Upande wa ndani ndiko mchanga unakojikusanya, na ndiko pazuri pa kupumzika. Ukiona maji yamechora umbo kama la ncha ya mkuki inayoelekea juu ya mto, yaani kule unakotoka, jua kwamba chini yake kuna jiwe. Ncha ikielekea kule uendako, hapo ndipo njia.

Njia ya meli imewekewa maboya. Kwa anayeshuka mto, mekundu yapo upande wa kulia na ya kijani upande wa kushoto. Kayaki hukaa nje ya njia hiyo, karibu na ukingo. Nahodha wa meli ndefu haoni kilicho chini ya omo yake, wala hawezi kuisimamisha upesi. Mawimbi yake yakija, geuza omo ya kayaki iyaelekee; yakikupiga ubavuni yatakupindua.

Desturi za kundi

Nimekwisha kusema kwamba hatari za mto zaweza kujulikana. Lakini kujua peke yake hakutoshi, maana watu watano wakiwa na maoni matano, mto huwatawanya. Sisi tulipatana juu ya mambo manne kabla ya kuondoka. La kwanza, kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu kuingia chomboni mpaka kutoka, hata maji yakiwa kama kioo. La pili, mmoja atangulie, naye awe ni mwenye kuujua mto. Mmoja afunge msafara, naye awe ni mwenye nguvu. Walio dhaifu wakae katikati. La tatu, kafi likiinuliwa kwa kulazwa maana yake ni simama, na likisimamishwa wima maana yake ni njooni. La nne, aliyechoka kuliko wote ndiye anayeamua siku imekwisha, wala asichekwe.

Hilo la nne lilitaka kutugombanisha. Siku ya tatu mmoja wetu alitaka tuendelee mpaka kambi tuliyoipanga, na ilikuwa bado kilomita nane. Mwenzetu Mkongomani alikuwa na malengelenge mikononi, akasema hawezi. Kulikuwa na kununa, lakini tulitoka majini. Yule aliyetaka kuendelea hakusema neno mpaka usiku. Ndipo akachukua sindano na dawa, akamfunga mwenzake mikono. Kesho yake twaliondoka alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, na kilomita zile nane tukazimaliza kwa muda mfupi. Wazee husema kawia ufike.

Siku ya sita tukaona faida ya desturi zote kwa pamoja. Karibu na ukingo yalikuwapo matishali mawili yamefungwa kwa minyororo. Chombo kikubwa kilichofungwa ni cha kuogopwa kuliko kinachokwenda, kwa sababu mkondo huingia chini yake, na kitu chochote kinachogusa omo yake huvutwa chini. Kiongozi alilaza kafi lake juu kutuonya, kisha akatupeleka mbali, kuelekea katikati ya mto. Wakati huo meli ya abiria ikapita, na mawimbi yake yakampindua yule aliyekuwa peke yake katika kayaki, mita 150 hivi juu ya matishali. Alikuwa Mganda mwenzangu.

Alifanya kama tulivyofundishana. Hakukiacha chombo, bali alikishika kwa nyuma, upande wa juu ya mkondo, kisije kikambana. Akalala chali, miguu mbele. Wala hakujaribu kusimama, kwa kuwa mguu ukinaswa kati ya mawe penye maji ya mbio, mtu hulazwa chini ya maji. Aliyefunga msafara alimfikia mara moja, akampa kamba, na kayaki mbili zikamvuta kwenda katikati ya mto. Tulipita ubavuni mwa matishali kwa nafasi ya mita 20 au pungufu. Tuliposhuka ukingoni alikuwa akitetemeka kwa baridi hata hawezi kufunga vifungo vya shati. Tulimvisha nguo kavu, tukampa chai ya sukari nyingi, na siku hiyo tukaikomesha hapo. Kama aliyefunga msafara angalikuwa ametangulia ili kupiga picha, nadhani tungalimzika rafiki yetu katika nchi ya mbali.

Kambi

Katika Austria si halali kupiga hema popote upendapo. Kila jimbo lina sheria zake, na mahali pengi ni marufuku. Njia nzuri ni kulala katika viwanja vya kambi, au kuomba katika vilabu vya makasia, ambavyo mara nyingi vina uwanja wa majani karibu na maji. Kuvua samaki nako hutaka kibali. Hema husimamishwa juu ya mahali penye majani makavu, si juu ya mchanga mtupu ulio sawa na maji. Kayaki huburutwa mbali na ukingo, hupinduliwa na kufungwa kwenye mti, kwa sababu meli zinazopita usiku hutuma mawimbi yanayoweza kuzichukua. Kila jioni tulichomeka kijiti penye ukingo wa maji. Asubuhi, kijiti kikiwa ndani ya maji, tulijua kuwa mvua imenyesha mbali huko milimani, ingawa kwetu mbingu ni nyeupe. Mbu wapo, tena wengi, ila hawaleti malaria.

Tuliyoyaona

Pale Schlögen mto hupiga mlima wa mawe magumu, ukageuka karibu kurudi ulikotoka. Chini ya Linz tulipita Mauthausen. Mji wenyewe ni mzuri, lakini juu ya kilima ilikuwapo kambi ya Manazi, tangu mwaka 1938 mpaka 1945. Watu kama 190,000 walifungwa humo na katika matawi yake, na wasiopungua 90,000 wakafa. Tuliacha kayaki, tukapanda kwa miguu, tukaziona ngazi 186 ambazo wafungwa walipandishwa wakibeba mawe. Tuliporudi majini hakuna aliyesema kwa muda mrefu.

Karibu na Grein, watu wa zamani waliogopa sana mawe na mizunguko ya maji iliyovunja vyombo. Mawe hayo yalipasuliwa kwa baruti katika karne ya 18 na ya 19, na sasa pana maji matulivu nyuma ya bwawa. Kisha huja Wachau, kati ya Melk na Krems, kilomita 36 hivi za mizabibu na miaprikoti. Hapo pana magofu ya ngome ya Dürnstein, ambamo Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alifungwa wakati wa baridi wa mwaka 1192 kuingia 1193.

Wachau ni moja katika sehemu mbili tu za Austria ambapo Danube bado hutiririka bila kuzuiwa. Sehemu ya pili ipo chini ya Vienna. Huko, mwezi wa Desemba, mwaka 1984, maelfu ya watu walipiga kambi katika msitu karibu na Hainburg, wakati wa baridi kali, ili kuzuia bwawa jingine lisijengwe. Serikali ikaisimamisha kazi, na mwaka 1996 msitu huo ukawa hifadhi ya taifa. Umeme ni kitu cha maana, na hakuna anayependa kukaa gizani. Lakini aliyepiga makafi siku nane katika maji yaliyosimama, kisha akachukuliwa na mkondo wa Wachau, ataelewa mara moja watu wale walikuwa wakilinda nini.

Tulifika Vienna siku ya kumi na moja. Huko wamechimba mkondo wa pili wa mto, urefu wa kilomita 21, ili mafuriko yapate njia asiumie mtu, na udongo uliochimbwa ukafanywa kisiwa cha kupumzikia. Watoto walikuwa wakiogelea.

Ndugu zangu mlio bado shuleni, kwetu nako kuna mito na maziwa, na wengi wenu mtapanda vyombo vidogo kwa kazi au kwa furaha. Jifunzeni kuogelea kwanza. Vaeni majaketi, hata wenzenu wakiwacheka. Chagueni kiongozi kabla ya kuondoka ukingoni, wala si wakati wa hatari. Na mkiwa safarini, mwendo wenu uwe mwendo wa aliye nyuma, ili jioni, mkihesabiana kwenye moto, idadi yenu iwe ile ile ya asubuhi.